Dumu Tupu na Kamba ya Majani

Leo ni Alhamisi, na najua saa hizi kuna makundi ya WhatsApp yanachangishana nauli ya Jumamosi. Wengine wanakwenda Materuni juu ya Moshi, wengine Sanje kule Udzungwa, wengine Longonot au vilima vya Ngong, wengine Nyahururu kuyatazama maporomoko ya Thomson. Ni jambo jema. Zamani tulidhani kupanda milima ni shughuli ya wageni na wapagazi wao. Leo vijana wetu wa ofisini na wa vyuoni wanaijua nchi yao kwa miguu. Basi nisikilizeni kabla hamjafunga mabegi, na niruhusuni nianze na bibi mmoja aliyekuwa amebeba majani ya ng'ombe.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi Mei, masika yakielekea ukingoni, katika maporomoko fulani ya upande wa kusini wa Kilimanjaro. Tulikuwa watu kumi na wawili. Kijana mmoja miongoni mwetu alipanda jiwe lililo kando ya kidimbwi ili apigwe picha. Jiwe lilikuwa limelowa rasharasha, lina ule ute wa kijani ambao mtu huutambua akishaukanyaga. Sikumwona akianguka. Nilichoona ni kofia yake ikielea, kisha mkono, kisha povu. Akaibuka, akazama, akaibuka tena palepale, kama kuna kitu kinamvuta kwa chini. Rafiki yake akaanza kufungua kamba za viatu, na sisi wengine wote, mimi nikiwemo, tukawa tunapiga kelele: "Ruka! Ruka umtoe!"

Yule bibi alikuwa anapita njia ya juu, mzigo kichwani, dumu la lita tano mkononi lililobakiwa na pombe kidogo ya mbege. Hakupiga kelele. Alitua mzigo, akafungua kamba ya katani aliyofungia majani, akaimwaga mbege, akakaza kifuniko, akaifunga kamba kwenye mkono wa dumu huku akishuka. Alipofika ukingoni alimwambia yule aliyekuwa akivua viatu, "Mwanangu, vaa viatu vyako. Ukiingia na wewe nitakuwa na watoto wawili wa kutafuta." Mrusho wa kwanza haukufika. Wa pili ulipita juu ya kichwa cha kijana, kamba ikamwangukia begani, akaidaka, akalivuta dumu na kulikumbatia, na sisi tukamvuta hadi kwenye mawe makavu.

Siku ile tulikuwa na simu kumi na mbili, kamera mbili na spika ya muziki. Hatukuwa na kamba, wala kitu kinachoelea, wala mtu aliyejua la kufanya. Ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo. Kwenye njia za milimani gari la wagonjwa halifiki, na zahanati iko saa moja au mbili kwa miguu. Dakika tano za kwanza ni za wale waliosimama pale, kwa walichonacho mkononi na kwa wanachokijua kichwani.

Tuanze na maji yenyewe, maana hata anayejua kuogelea huzama kwenye maporomoko, na ni vema ajue kwa nini. Maji yanayoanguka kutoka juu hushuka na hewa nyingi ndani yake, ndiyo maana ni meupe. Maji yaliyojaa hewa ni mepesi. Hayakubebi kama bahari ya Bagamoyo inavyokubeba. Halafu yakishaanguka hayaendi yote mbele. Sehemu yake hupinda na kurudi kule yalikoangukia, yakijizungusha kama gurudumu, na mtu aliyenaswa humo hurudishwa chini kila anapojitahidi kutoka. Ongeza baridi. Maji ya mlimani ukiyaingia ghafla, mwili hushtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu bila hiari yako, na kama kichwa kimezama wakati huo, unachovuta ni maji. Kwa hiyo ukitaka kuoga, oga mbali na pale yanapoangukia, kwenye maji yaliyotulia ambayo unaona chini yake, ukiingia kwa miguu, taratibu. Usijirushe kwa kichwa hata kama mwaka jana ulijirusha ukawa salama. Mafuriko ya masika huleta mawe na magogo, na kidimbwi cha mwaka huu si kile cha mwaka jana.

Wala usiende kusimama chini ya maporomoko yenyewe ili yakukande mgongo. Thomson yana urefu wa mita 74, na Sanje kwa ujumla wake yanafika mita 170. Jiwe la ukubwa wa chungwa likianguka kutoka mita 74 linafika chini kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa, na huwezi kulisikia likija kwa sababu ya kishindo cha maji.

Kuna hatari nyingine inayotoka mahali usipopaona, na hii imetuua wengi. Wakenya wanaonisikia wanalijua korongo la Hell's Gate, Naivasha, lile lenye kuta za mwamba zilizolainishwa na maji hadi zikawa kama zimepigwa randa. Aprili 2012, kundi la vijana wa kanisa kutoka Nairobi lilikuwa ndani ya korongo hilo pale maji yalipowajia kwa ghafla. Vijana saba walifariki. Septemba 2019 maji yaliwasomba tena watu humohumo, watalii pamoja na mwongozaji wao. Mwongozaji, msikilizaji, mtu aliyelijua korongo lile. Mvua inaweza kunyesha kilomita nyingi juu yako huku wewe uko kwenye mchanga mkavu, jua linakuchoma. Hata Moshi ni hivyo: mjini watu wanatafuta kivuli, na kule juu msituni mbingu zimefunguka.

Maji ya namna hiyo hutoa dalili, ila hutoa muda mfupi. Yaliyokuwa safi hugeuka rangi ya udongo. Vijiti na majani makavu huanza kuelea kwa wingi. Unasikia muungurumo kama lori linapanda mlima, na barabara haipo. Mimi sasa kila nikifika kwenye mto wa mlimani hutafuta jiwe lililo pembezoni kabisa mwa maji, nikaliwekea alama kwa macho, na kila baada ya dakika chache nalitazama. Likianza kumezwa, tunaondoka. Hatubishani, hatumalizii picha. Na tunaondoka kwa kupanda ubavuni, kuelekea juu ya ukingo. Anayekimbia kufuata mto kuelekea chini anashindana mbio na maji, na maji hayachoki.

Kuvuka mto ni hivyohivyo. Maji yaendayo kasi, hata yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika magotini na yanakimbia, rudi. Kama ni lazima uvuke, fungua mkanda wa begi wa kiunoni na wa kifuani ili ukianguka begi likuachie, shika fimbo imara, elekeza uso kule maji yatokako, na usogeze mguu mmoja baada ya fimbo kupata mahali pa kukaa. Kuvuka kwenye ukingo wa juu wa maporomoko kusizungumzwe kabisa. Pale hapavukwi.

Sasa turudi kwa bibi yetu. Alichofanya kwa akili ya kuzaliwa na ya kukaa na mto ndicho waokoaji wa majini hufundishwa darasani, na kwa mpangilio uleule. Kwanza, mwite aliye majini, mpe maneno, maana mtu anayezama hasikii vizuri na haoni vizuri. Mwambie wapi pa kushika. Pili, kama unamfikia, lala kifudifudi ukingoni na umnyooshee tawi, fimbo, shuka, mkanda. Lala, usisimame, ukisimama atakuvuta uingie naye. Tatu, kama humfikii, rusha kinachoelea kilichofungwa kamba. Dumu tupu lililofungwa kifuniko linaelea vizuri sana. La lita tano linamsaidia mtu, la lita ishirini linambeba kabisa, ila la ishirini lisimpige kichwani. Rusha lipite juu yake, kamba imguse, badala ya kumlenga usoni. Kuingia mwenyewe majini ni kwa aliyefunzwa uokoaji, akiwa amefungwa kamba inayoshikwa na wenzake. Anayezama hamtambui ndugu wala rafiki. Atakupanda mabegani kama anavyopanda gogo, nanyi mtashuka pamoja. Ni mara ngapi tumesoma gazetini kwamba wamezama wawili, wa pili alikwenda kumwokoa wa kwanza? Mimi huwa nalifikiria sana lile neno letu, "Ruka!" Lilikuwa neno la upendo, na lilikuwa karibu kumuua mtu.

Na tulipomtoa yule kijana hatukuwa tumemaliza makosa. Mzee mmoja aliyefika pale mbio alitaka tumshike miguu, tumning'inize kichwa chini, maji yatoke. Mwingine akataka kumkanyaga tumbo. Wasikilizaji, jambo hili limeenea kwetu kutoka ziwani Victoria hadi pwani, na linafanywa na watu wema kabisa, kwa hiyo nalisema kwa heshima lakini kwa sauti kubwa: tuliache. Aliyezama hafi kwa wingi wa maji yaliyo tumboni. Anakufa kwa kukosa hewa, na ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu, nne hadi sita. Ukimbonyeza tumbo, chakula na maji vitapanda na kuingia kwenye mapafu, na zile dakika zitakuwa zimekwisha wewe ukihangaika na tumbo.

Fanya hivi. Mlaze chali mahali tambarare na pagumu. Mtikise bega, mwite. Inamisha kichwa chake nyuma kidogo, inua kidevu, weka sikio lako karibu na mdomo wake na macho yako yatazame kifua, kwa sekunde zisizozidi kumi. Kama anapumua lakini hana fahamu, mgeuze alale ubavu, mdomo uelekee chini kidogo, matapishi yatoke nje, na umfunike asipoe. Yule kijana wetu ndivyo alivyolazwa, anakohoa na kulia. Kama hapumui, au anakoroma kwa mbali mara moja baada ya muda mrefu kama samaki aliyetolewa majini, hiyo si pumzi. Mbane pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, mpulizie pumzi tano, kila moja hadi uone kifua kinapanda. Kisha weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, mikono imenyooka, na ubonyeze kwa uzito wa mwili wako: kifua kishuke sentimita tano hadi sita, kisha kiachie kirudi. Bonyeza mara 30, pumzi mbili, mara 30, pumzi mbili. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani zile 30 ziishe ndani ya sekunde kumi na tano hadi kumi na nane. Ni haraka kuliko watu wengi wanavyodhani. Hesabuni kwa sauti, mbadilishane kila dakika mbili kwa sababu mikono huchoka na aliyechoka hubonyeza kidogo bila kujua. Mdomoni pakitoka povu, usipoteze muda kulifuta. Akitapika, mgeuze, safisha, endelea. Msiache mpaka apumue, au afike mhudumu wa afya, au nguvu ziwaishie kabisa.

Msiogope kuvunja mbavu. Mbavu huunga. Na ambaye hakufunzwa kupuliza, au hawezi, abonyeze kifua bila kusita. Ni bora mara elfu kuliko kusimama na kuomboleza. Lakini kwa aliyezama pumzi ndiyo dawa ya kwanza, kwa hiyo katika kundi lenu awepo angalau mmoja aliyejifunza. Chama cha Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza Tanzania na Kenya, na mafunzo ya msingi hayahitaji usomi wowote.

Neno moja zaidi juu ya maji kabla sijapanda nchi kavu. Aliyezama akazinduka, akakaa, akaomba chai, bado apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuvimba saa kadhaa baadaye. Anayeendelea kukohoa, anayehema, anayesinzia kusiko kwa kawaida, huyo ni mgonjwa hata kama anacheka.

Njia ya mlimani ina makosa yake, na mengi ni ya kuteleza wakati wa kushuka, jioni, miguu ikiwa imechoka. Hapa ndipo nataka kuwaambia wanaume wanaonisikia watafute kanga, na akina mama wasiziache nyumbani. Katika karne ya 19 daktari mmoja Mjerumani, Friedrich von Esmarch, alieneza bandeji ya kitambaa cha pembetatu kwa ajili ya askari, na hadi leo kila sanduku la huduma ya kwanza lina kitambaa hicho. Kanga moja ukiikunja kona kwa kona umeipata, tena kubwa na imara zaidi. Inaning'iniza mkono uliovunjika. Inafunga banzi mguuni. Ikikunjwa vizuri inakandamiza jeraha. Inamfunika anayetetemeka. Mbili zikifungwa ncha kwa ncha zinamfikia aliye majini karibu na ukingo. Sijaona kifaa kingine kinachofanya yote hayo kwa uzito mdogo kiasi kile.

Jeraha linalotoka damu nyingi lataka kitu kimoja: kukandamizwa. Weka kitambaa safi, kandamiza kwa kiganja kwa nguvu dakika kumi kamili bila kufunua kuchungulia. Damu ikipenya, ongeza kitambaa juu ya kile cha kwanza. Usitie majivu, tumbaku, udongo wala unga wa kahawa; kule Kilimanjaro na Meru nimeona kahawa ikitiwa kwenye vidonda, na muuguzi huja kuhangaika saa nzima kuitoa. Ni pale tu damu ya mkono au mguu inaporuka na haikubali kabisa kuzuiwa ndipo unafunga kitambaa kipana kati ya jeraha na kiwiliwili, si juu ya jeraha lenyewe, na kukikaza kwa kijiti, ukiandika saa uliyofunga, na usikilegeze njiani.

Kifundo kikiteguka, siku ya kwanza ni ya baridi. Ile desturi ya kukanda kwa maji ya moto na kuchua ngojeni. Joto na kuchua mapema huzidisha uvimbe, na kama chini yake pana mfupa uliovunjika, anayechua anausogeza. Mruhusu akae, loweka kitambaa kwenye maji ya kijito ufunge, inua mguu. Ukiona mguu umepinda, au hawezi kuukanyagia hata hatua nne, uchukulie umevunjika. Ufunge ulivyoukuta, pamoja na vijiti viwili vilivyozungushiwa nguo, kuanzia chini ya kiungo hadi juu ya kiungo, kisha ubonyeze ukucha uone kama damu inarudi. Ukucha ukibaki mweupe, umefunga mno.

Aliyeanguka kutoka juu, au aliyejirusha majini kwa kichwa akagonga chini, mwacheni alivyo isipokuwa maji au mawe yanamtishia. Watu wetu hukimbilia kumwinua aketi ili "apate hewa." Kama uti wa shingo umevunjika, kule kumketisha ndiko kunakompooza. Mmoja apige magoti kichwani kwake, ashike kichwa kwa mikono miwili kisigeuke, aongee naye. Wengine waende kutafuta msaada, wawili pamoja, asiende mtu peke yake. Machela hutengenezwa kwa miti miwili mirefu iliyopitishwa kwenye mikono ya makoti yaliyofungwa vifungo. Jaribuni kwanza kwa kumbeba mzima kabla ya kumpandisha mgonjwa.

Nyoka nitawataja kwa ufupi, ingawa ndio wanaoulizwa zaidi. Anayewauma wapita njia mara nyingi ni kifutu, mnayemwita pia moma au bafe, kwa sababu hakimbii. Hujilaza njiani ametulia kama jani kavu, akiamini hujamwona. Vaa buti, tazama unapokanyaga, usikalie gogo kabla ya kuligonga kwa fimbo. Aliyeumwa asichanjwe, asifyonzwe, asifungwe kamba, asiwekewe jiwe la nyoka. Jiwe lile halivuti sumu, linavuta muda. Mvue pete, bangili na saa kabla mkono haujavimba, funga kiungo kisitikisike kama unavyofunga kilichovunjika, na abebwe asitembee, maana kila hatua inaisukuma sumu. Nyoka muacheni, ukiweza kumpiga picha kwa mbali, sawa. Pigeni simu hospitali mapema mkiuliza dawa ya sumu ya nyoka ipo wapi, kwa sababu si kila kituo kinayo, na kufika mahali isipokuwepo ni safari mbili. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi kwa robo saa, usisugue.

Kilimanjaro hadi kileleni, mita 5,895, na mlima Kenya, ina hatari yake ya kukosa hewa, nayo inahitaji jioni yake. Nitasema tu kwamba mwenzako akianza kuyumba kama mlevi au kuchanganya maneno kule juu, dawa ni kushuka, usiku uleule, bila kungoja mapambazuko.

Kabla ya kuondoka nyumbani, mwambie mtu asiyekwenda nanyi: tunakwenda wapi, kwa njia ipi, tuko wangapi, na saa ngapi tutapiga simu ya kurudi. Ukipita muda huo, aanze kuwatafuta. Kwetu huku jua halina maringo. Saa moja jioni giza linaingia, na chini ya miti mapema zaidi. Pangeni saa ya kugeuka, saa nane kwa mfano, na ikifika mgeuke hata kama kilele au maporomoko mnayaona. Mtandao ukikatika, ujumbe mfupi huweza kupenya pale simu inaposhindikana. Filimbi hulia mbali kuliko koo: lizeni mara sita ndani ya dakika moja, nyamazeni dakika moja, rudieni. Na mwongozaji wa kijijini mlipeni bila kunung'unika. Mtu aliyekulia kando ya mto ule ukimuuliza, "Leo maji yakoje?" anakupa jibu lisilopatikana kwenye ramani yoyote. Akisema leo hapana, ni hapana.

Andikeni namba hizi nikizitaja. Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114. Polisi, 112. Kenya, polisi, 999, na Msalaba Mwekundu, 1199. Hazitozwi.

Ninamaliza kwa ombi, na ombi langu nalipeleka kwa serikali za vijiji, wasimamizi wa hifadhi, na kila anayekaa kwenye kibanda cha kukata tiketi za kuingia kwenye maporomoko. Mnapokea wageni wetu na fedha zao, na mnastahili. Pale kwenye kidimbwi simamisheni nguzo moja. Ning'inizeni hapo dumu tupu la lita tano lililofungwa kifuniko, na kamba ya mita ishirini, rangi nyekundu ili lionekane. Mwandike kwa mkaa au kwa rangi: "Usiruke. Rusha hili." Dumu mnalo, kamba inapatikana soko lolote. Yule bibi alifanya kazi hiyo kwa kamba ya majani ya ng'ombe wake, akaokota majani yake yaliyotawanyika, akaendelea na safari. Nanyi ifanyeni kabla ya Jumamosi.